Ukuta wa Boksi Pale Tunduma

Vwawa, 9 Februari 2025

Kaka Anyelwisye,

Shikamoo. Wewe na wifi mnaendeleaje na joto la Mlimba? Sisi huku baridi na matope kama kawaida. Mvua imekubali, mahindi ya shambani Hasamba yamesimama vizuri, na Brayan wa baba mdogo anapalilia kahawa bila kusukumwa, jambo ambalo hata mama yake analishangaa. Mama anakusalimia sana. Miguu haijarudi tangu kiharusi cha mwaka jana, lakini mkono wa kulia unashika kikombe, na mdomo umepona kabisa. Ameanza tena kunigombeza, kwa hiyo usiwe na hofu.

Ningekupigia simu, ila mara ya mwisho wateja wa duka langu la steshenari walidhani nagombana na mume. Masikio yako uliyaacha kwenye treni, na hicho kitochi chako hakipokei picha. Tuandikiane tu kama zamani, maana jambo lenyewe linataka michoro.

Jambo ni hili. Mama amechoka kutazama ukuta. Siku moja kanishika mkono akaniambia anataka kuona treni. Nikamwambia nitatafuta gari nimpeleke stesheni. Akasema hapana, hataki kubebwa kama gunia mbele za watu waliomjua akiuza ndizi pale akiwa na miguu yake. Basi nikamwambia kwa utani, nitakuletea treni ndani. Hakucheka. Akauliza lini.

Nimeshuka Tunduma kwa Shaban, yule Mdigo mwenye duka la vyombo na midoli karibu na mpaka. Ana maboksi ya treni za betri kutoka China: kichwa, mabehewa, reli za plastiki zilizonyooka na za kupinda. Nimechukua maboksi kadhaa. Meza nimetengeneza kwa mlango wa zamani wa nyumba ya Hasamba, ule wa mninga, nimeulaza juu ya magogo sebuleni. Mimi nimechora reli izunguke tu, duara moja, na Vwawa iwe katikati. Lakini wewe umekuwa gadi wa treni maisha yako yote, na sitaki ucheke ukija. Nichoree njia iliyo sawa: Mlowo, Vwawa, Tunduma, na kipande cha Zambia mpaka Chimbele.

Hilo la Chimbele kalisema Mama mwenyewe. Unajua ndiko ilikotoka ile kadi ya mwisho ya Baba, tangu aende Zambia kutafuta kazi. Anataka treni iende mpaka ilikokwenda naye.

Nasubiri mchoro.

Mdogo wako,
Gwalugano


Mlimba, 23 Machi 2025

Mdogo wangu Gwalugano,

Marahaba. Sisi ni wazima. Mpunga umeliwa na panya, wifi yako anasumbuliwa na goti, na mimi sikio la kushoto sasa ni pambo. Barua yako ilikaa kwa vijana wa treni muda mrefu, mmoja alikuwa anaitembeza kwenye begi lake. Mama hajambo? Mwambie namkumbuka.

Nimeutazama mchoro wako wa duara. Hiyo si reli, hiyo ni mbwa anayefukuza mkia wake. Treni ya kuzunguka haifiki popote. Reli ina mwanzo na ina mwisho. Nimekuchorea upya, angalia karatasi ya pili. Anzia Mlowo kushoto, uje Vwawa, umalizie Tunduma kulia. Mikunjo iwe mipana, ukibana sana mabehewa ya nyuma yataanguka. Pale Vwawa weka njia mbili ili treni zipishane, moja isubiri nyingine ipite. Usinyanyue tuta juu sana, vichwa vya betri havina nguvu ya kupanda.

Usijaribu kupima kila kitu. Watu wasiojua kazi hutaka kuweka kila mti. Kuchora reli ya mezani ni kujua cha kuacha. Ukishajua cha kuacha, kilichobaki kinajipanga chenyewe.

Kwa hiyo Zambia iache. Pale Tunduma simamisha ukuta wa boksi gumu, uupake rangi ya anga, na reli iishie hapo. Chimbele mimi sipajui. Treni zetu zilipapita usiku bila kusimama, nilichoona ni taa moja. Mtu asichore asichokijua.

Msalimie Mama.

Anyelwisye


Vwawa, 14 Aprili 2025

Kaka,

Shikamoo. Pole kwa mpunga, na wifi mwambie asugue goti kwa mafuta ya moto kabla ya kulala. Huku tumeanza kula mahindi mabichi. Mama hajambo, anakula, analala, na mchana kutwa ananisimamia kama msimamizi wa kibarua.

Nimefuata mchoro wako na sina budi kukupa heshima yako, umekaa. Milima nimeiumba kwa magazeti na uji wa ngano, kahawa nimekata sponji nikaipaka kijani. Stesheni ya Vwawa Mama kaikataa mara mbili, mpaka nilipoweka wanawake wa ndizi upande wa jua la asubuhi, sio upande wa pili nilioweka mimi. Yeye mwenyewe kanionyesha alipokuwa anakaa. Nimemweka pale, ana kitenge chekundu.

Ila ukuta wako umeleta balaa. Siku nilipousimamisha nikawasha treni, ikatoka Mlowo, ikapita Vwawa, ikafika Tunduma ikagonga boksi ikasimama, magurudumu yanazunguka. Mama akatazama. Halafu akasema, "Hii treni ya nani inayoogopa Zambia?" Akageuza uso ukutani na hakula jioni ile.

Kaka, nimeutoa. Nimeomba mlango wa pili kwa Brayan, nimeuunganisha, na reli sasa inapita Nakonde, ng'ambo ya mpaka, inaendelea. Nimechora Chimbele kwa kubuni: jukwaa fupi, ghala upande wa kulia, tangi la maji, nyumba kadhaa za wafanyakazi. Nakutumia mchoro. Kama uliona taa moja, basi niambie hiyo taa ilikuwa upande gani, inatosha.

Na nikuambie kwa nini siwezi kuacha. Unakumbuka lile eneo tupu kule shambani, kati ya kaburi la Babu na mistari ya kahawa. Mama hajaruhusu mche upandwe pale tangu tukiwa watoto, ni pa Baba. Sasa Brayan anauliza kama anaweza kupanda. Mama amesema yeye hawezi kufa vizuri bila kujua atalala karibu na mtu au karibu na nafasi. Hayo ndiyo maneno yake. Akiwa hai huko, anataka kujua. Akiwa amekufa, anataka kumlilia na kumaliza. Mimi sina cha kumpa ila hii meza.

Gwalugano


Mlimba, 2 Juni 2025

Gwalugano,

Marahaba. Tupo. Mama anaendeleaje? Goti la wifi yako limepata nafuu.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kujibu. Nilikwambia uache Zambia, ukaenda kuomba mlango mwingine. Mama ni mtu mzima, sawa, lakini wewe ndiye unayempa. Zamani ulikuwa unampa maziwa tu, sasa unampa na treni.

Huo mchoro wako umekaa hapa juu ya meza ya chakula wiki nyingi. Nilisema sitaugusa. Lakini kila nikipita nauona na unanikera, maana ni ovyo. Nimeusahihisha kwa kalamu nyekundu, nakurudishia, na sitaki kuulizwa tena.

Ghala liko kushoto ukitokea Tunduma, sio kulia. Ukiliweka kulia linaziba nyumba. Tangi la maji ondoa, lilianguka, imebaki miguu ya chuma. Nyumba ziko kwenye mstari mmoja na milango yake inatazama reli, wewe umezigeuza zitazame barabara, nani anajenga hivyo? Ile ya mwisho kabisa ina kibaraza kilichoongezwa kwa mabati, tena mabati yake ni mafupi upande mmoja. Mbele yake weka mparachichi mkubwa, hii mirefu ya kwetu Mbozi. Huo mmoja tu. Mingine huko ni miembe.

Mtu akifanya kazi, aifanye.

Anyelwisye


Vwawa, 29 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, usiitikie.

Mama hajambo. Kahawa imeanza kuiva.

Nilifurahi sana nilipopata ule mchoro. Nilikaa dukani nikabandika nyumba zako mstari mmoja, milango ikatazama reli. Nikakata mabati ya kibaraza, upande mmoja mfupi. Nikaanza kutengeneza mparachichi. Hapo ndipo nilipouweka mkasi chini. Treni zenu zilipita usiku bila kusimama. Uliona taa moja. Sasa mparachichi wa Mbozi, kaka, uliuona kwa taa ipi?

Sikukuandikia. Nilimwacha Mama na mke wa Brayan, nikapanda basi mpaka Tunduma. Shaban alinivusha, ana shemeji yake Nakonde anayepeleka mchele ndani huko kwa fuso, nikakaa naye mbele. Nilishuka Chimbele mchana. Ghala liko kushoto. Miguu ya tangi ipo. Sikuuliza njia, nilikuwa nayo mkononi kwa kalamu yako nyekundu. Niliifuata mpaka nyumba ya mwisho, na chini ya mparachichi kulikuwa na mwanamke anapembua maharage, ana paji la uso la Baba.

Akasema, "Mwaiseni," yaani karibu. Nilipotaja jina langu akaacha ungo ukaanguka. Anaitwa Irene. Ni dada yetu. Anasema Kiswahili, kile cha Baba, kizito, na anatamka Hasamba kama sisi. Alinipikia, akanipeleka kwenye kaburi. Baba alikufa mwaka 2011. Wewe ndiye uliyeshika kichwa cha jeneza, Irene anakumbuka, ulikuja na sare ya kazi.

Nilidhani nimeshamaliza kuumia, ndipo akanipa pole ya Mama. Nikamuuliza pole ya nini. Akanitazama kama mtu anayemwogopa mgonjwa. Akaniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Baba alikuwa na begi tayari, arudi kwao. Kaka yako, Ba Anyelwisye, alipomkuta hapa mara ya kwanza akamwambia amechelewa, mama amekufa. Baba akalifungua begi. Akanyoa nywele, akakaa matanga peke yake ndani ya nyumba ya kupanga, watu wakampelekea chakula. Ndipo baadaye akamwoa mama yangu. Mimi nimezaliwa kwa sababu mama yenu alikufa."

Nilimwambia mama yetu yuko Vwawa, anataka uji usiwe na sukari nyingi. Irene alikaa chini kwenye udongo.

Wakati ule hakuwa na mke huko, kaka. Hakuwa na mtoto. Alikuwa mtu aliyeharibikiwa na kazi akaona aibu kurudi mikono mitupu, na mwishowe akaishinda aibu akafunga begi. Wewe ukamfungulia. Halafu ukapanda treni yako ukaja nyumbani, ukakaa na Mama jikoni, akakuuliza kama kuna habari zozote kutoka Zambia, ukasema hakuna. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nakukaangia karanga. Na baadaye, Irene anasema, ukachukua mbegu ya parachichi uani kwa mwanamke uliyemuua kwa mdomo, ukampelekea Baba apande.

Nilirudi na mfuko wa udongo wa kaburi lile. Uko kabatini, nyuma ya karatasi za A4. Mama sijamwambia. Nimemwambia nilifuata rangi Tunduma, na ameona sina rangi mkononi, na hakuuliza.

Nakupa nafasi moja kwa sababu ulinilipia shule na sijasahau. Mwandikie yeye. Andika kwa mkono wako, mimi nitamsomea neno kwa neno bila kuongeza wala kupunguza. Andika ulichokifanya na kwa nini. Nasubiri mpaka mwisho wa Agosti.

Gwalugano


Mlimba, 17 Agosti 2025

Gwalugano,

Barua nimeipata. Wifi yako anakusalimu. Mama hajambo?

Kuhusu kile kichwa cha treni: magurudumu yakianza kulia, tone moja la mafuta ya cherehani linatosha, usimimine. Betri zikikaa muda mrefu zitoe, zitavuja zitaharibu. Kwenye kiungo cha milango miwili reli itakuwa inapanda na kushuka na hali ya hewa, weka kipande cha boksi chini yake.

Wewe ulikuwa mtoto, ulikuwa unalala mapema. Mimi nilitolewa shule nikashika jembe ili wewe usome. Kila jioni Mama alikuwa anamwekea Baba sahani. Ugali niliolima mimi. Inafunikwa, inakaa, mpaka ipoe kabisa na iwe wazi kwamba haji, ndipo napewa mimi niile. Nimekula chakula cha baridi cha mtu mwingine mpaka nilipopata ajira. Halafu siku hiyo namkuta amekaa chini ya mti, ananenepa, ananiambia amejiandaa kurudi, kama kwamba sahani bado iko mezani. Sikuona sababu ya kumrahisishia.

Baadaye ukishasema neno la namna hiyo hulirudishi. Nilikuwa nampelekea sukari, nilikuwa nampelekea dawa. Hilo Irene hakukwambia.

Sitaandika hiyo barua. Mama ni mzee. Muache na anachokijua. Kama unampenda, rudisha ule ukuta wa boksi pale Tunduma na uupake anga, na mwambie mimi ndiye niliyesema Zambia haiko sawa kwenye mchoro. Atakubali, ananiamini kwa mambo ya reli.

Msalimie sana Mama. Mwambie Krismasi nitajitahidi nije.

Anyelwisye


Vwawa, 28 Septemba 2025

Anyelwisye,

Barua yako imefika. Salamu za wifi nimezipokea, mrudishie zangu, yeye sina ugomvi naye.

Nilimsomea Mama barua yako yote, kuanzia salamu za wifi mpaka Krismasi, na ile yangu ya Juni niliyobaki na nakala yake. Sikuongeza neno. Nilikuwa nimeogopa sana, nikamwita mke wa Brayan akae mlangoni kama Mama atazidiwa. Hakuzidiwa.

Kabla ya kusoma aliniambia niwashe treni. Ikatoka Mlowo, ikasimama Vwawa kwa mwanamke mwenye kitenge chekundu, ikapita Tunduma, ikaingia Chimbele kwenye nyumba ya mwisho. Nilikuwa nimeupanda mparachichi wako tayari. Akaunyooshea kidole akauliza ule umetoka wapi, maana mti huo ni wa kwetu. Ndipo nikasoma.

Swali lake la kwanza halikukuhusu wewe. Aliuliza, "Alininyolea?" Nikasema Irene anasema alinyoa. Akaniomba nirudie ile sehemu ya matanga, watu walivyompelekea chakula. Nikarudia. Akaniuliza tena asubuhi, nikarudia tena. Halafu akasema nilete wembe. Nimemnyoa mimi, kibarazani, nywele zake ni nyeupe tupu na laini. Amekaa matanga siku zote zinazotakiwa, kwenye kitanda chake, na majirani wamekuja wakala, wengine bila kuelewa msiba wa lini. Irene alifika akiwa na mtoto mgongoni. Mama alimshika uso kwa mkono ule unaofanya kazi, akasema amkate kucha. Irene alimkata kucha huku analia.

Udongo tumeupeleka Hasamba, tumeuzika kwenye ile nafasi. Kwa hiyo si nafasi tena. Brayan amepanda kahawa mpaka ukingoni.

Ile habari ya sahani nayo nilimsomea. Aliisikiliza. Alisema ni kweli, alikukosea kwa hilo, na kama ungemwambia angekupa ya moto. Nimeona niandike, kwa kuwa wewe hukumwandikia yeye chochote.

Sasa kuhusu meza, maana ndipo tulipoanza. Ulisema nirudishe ukuta wa boksi. Nimeurudisha, ila sio pale ulipotaka. Mama kaniambia niutoe uvunguni, nikamuuliza uwekwe wapi, akaonyesha upande wa kushoto, baada ya Mlowo, reli inakotokea huko kwenu. Nimeusimamisha pale. Hakutaka niupake anga. Treni sasa inatoka Vwawa inakwenda Chimbele na kurudi, na upande wa Mlimba hauji wala hauendi.

Usije Krismasi. Na katika barua zako, kama utaandika, usiulize tena hali ya Mama. Nilimuuliza nikujibu nini, nikiwa na kalamu mkononi. Yuko hapa karibu nami, amekunywa uji, ananiambia niwahi kumaliza nimwashie treni. Amesema, "Mwandikie mama yake amekufa. Si alishasema mwenyewe?"

Basi naandika kama alivyosema. Pole na msiba, kaka.

Gwalugano